Paneli ya kuhosti: nataka seva mpya ijisimike yenyewe, nianzie wapi?

fundi_Mafiati (Mbeya Mjini)

Wakuu, heshima kwenu. Naomba nieleze kwa kirefu kidogo nisije nikaulizwa nusu nusu.

Nina kaofisi hapa Mafiati. Mbele steshenari, nyuma ndiko tunakotengenezea tovuti. Wateja ni wa huku huku: shule binafsi za sekondari, SACCOS, wanunuzi wa parachichi wa Rungwe na Njombe, gesti moja ya Tukuyu, na jamaa wa mbao wa Mafinga anayetaka bei zake zionekane mtandaoni. Wadogo nawaweka pamoja kwenye seva moja. Ila shule na SACCOS siku hizi wanataka seva yao wenyewe, data zao zisilale chumba kimoja na za mtu mwingine, na siwalaumu. Kwa hiyo kila mteja wa namna hiyo akilipia nakodi VPS (seva pepe ya kukodi) Ulaya na kuanza moja: naingia kwa SSH (njia ya kuendesha seva kwa mbali), nasasisha Ubuntu, naweka jina la seva, nashusha HestiaCP (paneli ya kusimamia tovuti na barua pepe), najibu maswali yake, nasubiri, nafungua akaunti ya mteja, naongeza domeini, naomba cheti, napanga bekapu. Hatua zote zimeandikwa kwenye kaunta buku. Vijana wa fildi wakija nawakabidhi hilo kaunta buku wafuate.

Tatizo kila kijana analisoma kivyake. Huyu kaacha ClamAV (kikagua virusi) kwenye seva ya giga moja, sasa MariaDB (hifadhidata) inauawa usiku kwa kukosa memori. Yule hakugusa saa ya seva, kwa hiyo bekapu niliyotaka ipigwe saa nane usiku inapigwa saa kumi na moja alfajiri. Mwingine jina la seva kaliandika neno moja tu, bila domeini. Leo hii sina seva mbili zinazofanana, na mteja akipiga simu lazima kwanza nikumbuke yake ilisimikwa na nani ndipo nianze kutafuta tatizo.

Halafu kuna umeme. Ukikatika katikati ya kusimika, ruta inazima, SSH inakatika na usimikaji unakufa hapo hapo. Ukirudi unakuta Nginx (programu ya kutoa tovuti) ipo, paneli haipo, apt (kisimika paketi cha Ubuntu) inalalamika. Hakuna la kufanya zaidi ya kufuta seva yote.

Ninachotaka ni hiki: nilipie VPS, niandike jina la mteja na domeini yake sehemu moja, nikanywe chai, nikirudi paneli iko hewani. Nasikia cloud-init, nasikia Ansible, zana za kuandaa seva kwa otomatiki, wengine wanasema piga picha ya seva iliyokamilika uwe unainakili, wengine wanasema hama paneli kabisa. Nyie mlioko kwenye hii kazi mnafanyaje? Bash naijua ya kutosha, Python ya kuombea maji.

Tunduma_Boda

Nimevuta kigoda. Nasubiri wataalamu, na mimi yamenikuta hayo hayo.

mzee_wa_repo (Makambako)

Kijana wangu, skripti zinakufa. Zangu zote niliziandika kwa CentOS 7 (toleo la Linux). Uhai wake ukaisha 30 Juni 2024, ile anwani ya orodha ya vioo (mirrorlist, seva za kushushia paketi) ikazimwa, na yum ikawa inakwama kabla haijashusha hata paketi moja. Video nyingi za kusimika paneli unazoziona mtandaoni bado zinaanzia huko huko, ndiyo maana watu wanafuata hatua kwa hatua na hawafiki.

Mimi nimeamua hivi: natengeneza seva moja vizuri, paneli ndani, naizima, napiga picha kwa mwenye VPS. Mteja mpya akija seva inazaliwa kutoka kwenye picha. Dakika chache imewaka. Nabadilisha jina, nabadilisha nywila ya admin, kwisha. Hakuna kusubiri kisakinishi wala kuogopa umeme.

Kuhusu kuhama paneli, kama hukuwa kwenye cPanel (paneli ya kulipia) usiingie sasa. Tangu 2019 leseni yao inahesabiwa kwa idadi ya akaunti zilizomo kwenye seva. Kwa wateja wa parachichi na gesti hiyo hesabu haitoki.

BintiKihesa (Iringa)

Shikamoo mzee wetu. Kuhusu picha ya seva nitakupinga huko chini, kwa heshima zote. Kwanza nimjibu kaka wa Mafiati.

Kaka, kusimika paneli kwenyewe kumeshafanywa kuwa kwa otomatiki na wenye paneli zamani. Kisakinishi cha Hestia ni skripti ya bash, na yale maswali yote kinayouliza unaweza kukijibu kwenye mstari ule ule wa amri:

```
bash hst-install.sh --interactive no \
  --hostname seva.domeini-ya-mteja.co.tz \
  --email ofisi@domeini-yako.co.tz --username admin \
  --password "$NYWILA" \
  --apache no --clamav no --spamassassin no --force
```

Basi. Hiyo --force ya mwisho ni kwa sababu seva nyingine zinakuja na jina la admin tayari ndani yake, na kisakinishi kikilikuta kinagoma. Virtualmin nayo skripti yake inapokea majibu kwenye amri. cPanel nayo unashusha faili lake unaliendesha. Kwa hiyo ukihama paneli utahama na kaunta buku lako lile lile. Kazi inayokusumbua ni iliyo kabla ya mstari huo na iliyo baada yake, na hiyo hakuna mwenye paneli atakayekuandikia, kwa kuwa hawamjui mteja wako.

Nianze na kabla, ndiko skripti za watu wengi zinakofia.

Seva mpya ya Ubuntu ikiwaka mara ya kwanza haijatulia. Inajisasisha chinichini na imeshika kufuli la dpkg, lile linalozuia wawili kusimika paketi kwa wakati mmoja. Mtu anayeandika kwa mkono mara nyingi hakutani nalo, maana mpaka amalize kufungua kaunta buku kufuli limeshaachiwa. Skripti haina uvivu huo: inakimbilia apt sekunde ile ile, inapigwa na "Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend", inakufa, na wewe unadhani skripti ni mbovu. Kwa hiyo kama unaingia kwa SSH na kuiendesha toka nje, amri ya kwanza kabisa iwe `cloud-init status --wait`, na kwenye apt-get upgrade uongeze `-o DPkg::Lock::Timeout=600` ili isubiri badala ya kukata tamaa.

Ukishavuka hapo, Ubuntu 22.04 ina mtego mwingine: ile skrini ya zambarau ya needrestart inayouliza huduma zipi ziwashwe upya. Inasubiri mtu abonyeze Enter, na mtu yuko kwenye chai. Juu kabisa ya skripti weka `export DEBIAN_FRONTEND=noninteractive` na `export NEEDRESTART_MODE=a`. Nimeona watu wazima wakiandika skripti za kubonyeza Enter kwa niaba yao wakati mistari miwili hiyo ingetosha.

Saa ni mstari mmoja: `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`. Memori usimwachie kijana aamue, skripti iisome yenyewe kwa `free -m`, na kama iko chini ya giga nne ClamAV na SpamAssassin (kichuja barua taka) zisiingie. Hestia wenyewe wanasema giga moja inatosha ikiwa hizo mbili hazipo.

Jina la seva sasa. Lazima liwe kamili, na rekodi yake ya A (ile ya DNS inayounganisha jina na IP) iwe tayari inaelekea kwenye IP ya seva kabla hujaomba cheti. Hapa ndipo wengi wanaharakisha. Mteja kalipia .co.tz asubuhi, mchana wanaomba cheti, DNS bado haijaenea, Let's Encrypt (wanaotoa vyeti vya HTTPS bure) inakataa, wanaomba tena na tena. Let's Encrypt wana kikomo: majaribio matano yaliyofeli kwa jina moja ndani ya saa moja, kisha unawekwa benchi. Skripti ifanye `dig +short`, ilinganishe na IP ya seva, na kama haviendani isimame na kusema kwa Kiswahili kinachoeleweka: "A ya domeini haijafika, nenda kairekebishe." Isiendelee. Skripti inayosimama na kusema sababu ina faida kuliko inayofika mwisho na kuacha kilema ndani.

Barua pepe ni hapo hapo. Wenye VPS wengi wanafunga poti 25 ya kutoka kwa akaunti mpya, unafunguliwa ukiomba. Skripti ijaribu kuitoka hiyo poti, na ikishindwa ikuambie, ili usimwambie mkuu wa shule barua pepe zake ziko tayari wakati hazivuki mlango. PTR (rekodi inayotoa jina la seva kutoka kwenye IP) nayo inawekwa kwa mwenye VPS, haimo ndani ya seva, kwa hiyo skripti inaweza kuikagua tu, na kuiweka ni kwa API yake kama anayo.

Baada ya paneli kusimama, kila kitufe unachobofya Hestia kina amri yake inayoanza na v-, ziko /usr/local/hestia/bin. Kwa hiyo v-add-user, v-add-web-domain, v-add-database, v-add-letsencrypt-domain, kwa mfuatano huo, na majina yanatoka kwenye faili dogo la mteja. Kijana wa fildi anajaza hilo faili, yeye hagusi skripti. Bekapu usiiache kwenye seva ile ile, kuna v-add-backup-host inayoituma kwingine kwa SFTP. Na mara moja moja chukua bekapu ya mteja mmoja uirudishe kwenye seva ya kutupa kwa v-restore-user. Bekapu ambayo hujawahi kuirudisha mimi siihesabu.

Umeme: hilo ndilo rahisi kuliko yote. Kinachoshushwa kinatoka seva hadi seva huko Ulaya, hakipiti kwenye bando lako. Laptop yako inapeleka herufi tu. Kwa hiyo usimikaji hauna sababu ya kutegemea waya wa Mafiati. Ukiwa bado kwa mkono fungua `tmux new -s paneli` kwanza, umeme ukirudi unaandika `tmux attach -t paneli` unakuta kazi inaendelea. Ukitumia cloud-init hata hilo hulihitaji: unabandika maelezo mafupi wakati wa kuagiza VPS, seva ikiwaka inavuta skripti yako na kuiendesha yenyewe. Ila kumbuka kilichomo kwenye runcmd (orodha ya amri ndani ya maelezo hayo) kinaendeshwa mara moja tu, kwenye kuwaka kwa kwanza. Kikienda kombo soma /var/log/cloud-init-output.log, usiwashe upya ukitegemea kitajirudia. Na ile amri ya kusubiri niliyotaja pale juu usiiweke ndani ya runcmd, maana cloud-init itakuwa inajisubiri yenyewe mpaka kesho.

Ansible ni nzuri, ila inatoka kwenye kompyuta yako kwenda kwenye seva kwa SSH. Ukiiendesha kutoka ofisini utakuwa umerudi kwenye ruta na umeme. Ukifika seva nyingi za kuziweka sawa mwezi hadi mwezi, kodi kijiseva kidogo uiendeshee humo. Kwa sasa bash inakutosha.

Sasa mzee wangu. Picha ya seva inabeba kila kitu, na siri zimo. Nywila ya root ya MariaDB inakuwa moja kwa shule na kwa SACCOS, funguo za SSH za seva ni zile zile, machine-id (kitambulisho cha seva) ni ile ile. Anayeingia moja kaingia zote. Na toka siku ulipopiga picha mpaka siku unapoitumia, paketi zimezeeka.

Jambo la mwisho, nalo nalisema kwa ukali. Msivute kisakinishi kutoka mtandaoni moja kwa moja kwenye bash. Mwaka 2018 kisakinishi cha VestaCP, ambayo ndiyo mama wa Hestia, kilichezewa kwenye seva ya wenyewe, kikawa kinapeleka nywila za admin kwa wavamizi. Watu walifuata maelekezo rasmi, kwenye tovuti rasmi. Kishushe, kisome, kiweke kwenye git yako pamoja na sha256sum yake, skripti itumie hicho. Paketi zitaendelea kutoka kwao, hilo huwezi kulikwepa, lakini angalau mlango wa kwanza unaujua.

mzee_wa_repo

Marahaba binti. Funguo za SSH nakukatalia: cloud-init ikiona seva ni mpya inafuta za zamani na kuzalisha nyingine, hata kama seva imetoka kwenye picha. Machine-id inabidi uifute mwenyewe kabla ya kupiga picha, ni kweli, na wengi hawaifuti. La nywila ya MariaDB nakupa, sina pa kujificha.

Lakini picha siitupi. Mimi napiga picha ya Debian 12 iliyosasishwa, ina saa, ina tmux, ina ufunguo wangu wa umma, haina paneli. Paneli iingie kwa skripti yako hiyo. Hapo umepunguza muda na siri haimo.

BintiKihesa

Hiyo naikubali mzee. Picha bila paneli haina ubaya.

Mbozi_Linux (Vwawa)

Dada kamaliza karibu yote, niongeze mawili yanayouma kwenye cloud-init.

La kwanza, usiandike nywila kwenye yale maelezo unayobandika wakati wa kuagiza seva. Kwa watoa huduma wengi yanasomeka kutoka ndani ya seva kupitia anwani 169.254.169.254, na siyo root peke yake anayeweza kuuliza. Programu-jalizi moja mbovu ya WordPress kwenye tovuti ya shule inaweza kuuliza na kupewa jibu. Nywila izaliwe ndani ya seva:

```
NYWILA=$(openssl rand -hex 16)
umask 077
echo "$NYWILA" > /root/nywila-ya-paneli
```

Ukishaingia kwenye paneli mara ya kwanza unabadilisha na kulifuta hilo faili. Nimetumia -hex makusudi, kwa kuwa -base64 inaleta alama za / na + ambazo baadhi ya skripti zinazisoma vibaya.

La pili, ndani ya runcmd ile HOME haipo. Skripti iliyokwenda vizuri ulipoijaribu kwa mkono inaweza kufeli ndani ya cloud-init kwa sababu hiyo tu. Weka `export HOME=/root` juu kabisa. Utatafuta kosa siku nzima usilione, maana ukiingia kwa SSH kujaribu tena HOME inakuwepo na kila kitu kinakwenda.

fundi_Mafiati

Jamani, mmeshusha nondo. Dada wa Kihesa nashukuru sana, na mzee wangu shikamoo.

Nimejaribu kwenye seva ya saa, ile ya kulipia kidogo kidogo halafu unaifuta. Kufuli la dpkg lilinikamata kama ulivyosema, mpaka nikacheka. Baada ya kuweka ile Timeout imepita. Cheti nacho nimekiona kikikataliwa kwa skripti yangu wenyewe, imesimama na kuandika A haijafika. Kijana aliyekuwa pembeni kasoma sentensi hiyo na kwenda kurekebisha DNS bila kuniuliza, kitu ambacho kaunta buku halijawahi kunifanyia.

Faili la mteja nimelifanya la mistari michache tu: domeini, jina la akaunti, barua pepe ya mteja, na kama anataka hifadhidata au hataki. Kijana akijaza kitu kingine zaidi ya hivyo skripti inakataa.

Nina maswali mawili yamebaki. Poti 8083 ya paneli: naona watu wanashauri niruhusu IP yangu tu. IP ya ofisini kwangu inabadilika kila modem ikiwashwa, na nikitumia simu ndiyo kabisa, tunagawana moja na nusu ya mji. Nifanyeje? Na zile seva za zamani zisizofanana, nizirekebishe moja moja au niziache zife zenyewe?

Mbozi_Linux

Poti 8083 ifunge kabisa kwa dunia nzima, IP yako ikiwemo. Ingia kwa handaki la SSH:

```
ssh -L 8083:localhost:8083 root@seva.domeini-ya-mteja.co.tz
```

Kisha kwenye kivinjari fungua https://localhost:8083. Kitalalamika kuhusu cheti kwa kuwa jina ni localhost, unaendelea. IP yako ibadilike mara ngapi vile, haikuhusu. Sharti SSH iwe ya ufunguo peke yake, nywila imezimwa.

Anayeona huo ni usumbufu akumbuke Oktoba 2024. CyberPanel ilipatikana na tundu linalomruhusu mtu yeyote kuingia kama root bila nywila, na zaidi ya seva 20,000 zilikuwa wazi mtandaoni na paneli hiyo. Wavamizi wakazifungia watu mafaili wakidai fidia. Paneli isiyoonekana kutoka nje ingekuwa na tundu lile lile, ila asingekuwepo wa kuligusa.

Tunduma_Boda

Na mteja mwenyewe akitaka kuingia kwenye paneli je? Wangu mmoja anapenda kufungua barua pepe za wafanyakazi wake mwenyewe.

Mbozi_Linux

Huyo mpe ruhusa yeye peke yake. Ikiwa lazima aingie, fungua poti kwa IP ya ofisi yake kama ni ya kudumu, na muwashie uthibitisho wa hatua mbili, Hestia inao. Ila mimi kwa shule niligundua hawaingii kabisa. Wanapiga simu.

BintiKihesa

Kuhusu seva za zamani: usizirekebishe mahali zilipo. Utakuwa unatafuta alichofanya kila kijana, na hutamaliza. Jenga mpya kwa skripti, hamisha mteja, futa ya zamani.

Kuhamisha ni hivi. Siku moja kabla shusha TTL (muda ambao rekodi inakumbukwa, kwa sekunde) ya rekodi ya A iwe 300, ili ukibadilisha IP dunia ikufuate ndani ya dakika tano badala ya kukaa na ya zamani siku nzima. Kwenye seva ya zamani `v-backup-user mteja`, faili la .tar linakaa /backup. Lipeleke kwenye /backup ya seva mpya kwa rsync, halafu `v-restore-user mteja` na jina la faili. Tovuti, hifadhidata, barua pepe na cron vinakuja pamoja. Kabla hujagusa DNS, ongeza IP mpya kwenye faili la hosts la kompyuta yako uifungue tovuti uone inafunguka kweli, ingia na kwenye mfumo wao ujaze kitu. Ndipo ubadilishe A.

Barua pepe ndizo zinazoponyoka. Wakati DNS inahama zipo zitakazoangukia seva ya zamani. Iache iwake siku mbili tatu, halafu vuta zilizobaki kwa imapsync kabla ya kuifuta.

Angalia tu toleo la Hestia la kule unakotoka lisiwe jipya kuliko la unakokwenda. Na kama paneli ya zamani ilikuwa na Apache na mpya ni Nginx tupu, zile kanuni za .htaccess hazitafanya kazi, utaona viungo vyote vya WordPress vinaleta 404 isipokuwa ukurasa wa mwanzo. Chagua kiolezo cha wordpress kwenye domeini hiyo ndani ya paneli, vinarudi.

Mpangilio: anza na gesti ya Tukuyu, ikilala nusu saa hakuna atakayelia. Shule zifuate wakiwa likizo. SACCOS ziwe za mwisho, na kamwe si mwisho wa mwezi.

fundi_Mafiati

Gesti nimeshashusha TTL sasa hivi. SACCOS moja mhasibu kaniambia nisimguse mpaka tarehe kumi, na bekapu ya kwanza anataka aishuhudie kwa macho ikirudishwa.

Tunduma_Boda

Skripti yenyewe utaiweka hapa mkuu, au ndiyo imeishia Mafiati?

fundi_Mafiati

Naiweka. Ngoja nitoe domeini za wateja na barua pepe zao humo ndani, halafu dada aipitie kwanza.

BintiKihesa

Nitumie pamoja na lile faili la mteja, likiwa tupu. Na kabla hujatuma pitisha `shellcheck` (kikagua makosa ya bash) upunguze kelele. Nikikuta `rm -rf` yenye kigeu kisicho na alama za nukuu hatutaelewana.